Wasifu Uliopigwa Mhuri

Haya nimeyapata kwa Elizabeti mwenyewe, jirani yangu, binti wa marehemu Mzee Yona. Alinihadithia Idi Pili ya mwaka huu, alipokuja kunipa mkono wa Idi, akakaa nami jamvini tangu asubuhi. Mengine niliyaona kwa macho yangu, kwa kuwa mkutano nilikuwako na makofi nilipiga, lakini sikuelewa nilichokiona mpaka aliponieleza.

Siye tunakaa kati ya Pongwe na Muheza, palipokuwa na shamba la mkonge. Mie nililetwa hapa na ndoa kutoka Pemba, miaka arobaini na mitano sasa. Elizabeti kazaliwa hapa hapa, katika nyumba za kambi. Watu wa kambi wazee wao waliletwa zamani za Waingereza kuja kukata mkonge. Walitoka Urundi, wengine Msumbiji, wengine Songea, na kila mmoja alipewa namba yake, ndipo wakaitwa manamba. Kampuni ilikufa zamani. Korona imebaki banda na kutu. Nasema korona ile mashine ya kukamua mkonge, si maradhi. Watu nao wakabaki, wakalima, wakazaa, na mpaka leo wanaitwa watu wa kambi.

Mzee Yona alikufa miaka minne iliyopita, mtu wa miaka themanini na kitu. Wenzetu Walutheri wana desturi yao. Kabla jeneza halijateremshwa, mtu wa nyumbani husimama akasoma wasifu wa marehemu: kazaliwa wapi, kasoma wapi, kafanya kazi gani, kaacha watoto wangapi. Wasifu ukiwa mfupi watu hutazamana. Hurudi nyumbani wakisema, kumbe mzee wa watu hakuwa na lolote. Elizabeti ndiye mtoto pekee aliyebaki, na ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, basi akaketi kuuandika wasifu wa baba yake. Kalamu ikasimama mstari wa kwanza.

"Dada," aliniambia, "mstari wa kwanza ni wa kuzaliwa. Ningeandika nini?"

Ukweli ni huu. Aliyekuja kwa miguu kutoka Urundi ni baba yake Mzee Yona, si Mzee Yona. Yule baba alipofika kambini hakuwa na mke, akapatana na msichana wa Kibondei aliyekuwa akileta ndizi za kuuza, jina lake Saleha, Mwislamu, kwao huko milimani chini ya Amani. Hapakuwa na posa, hapakuwa na mahari, hapakuwa na kadhi wala padri. Msichana akachukua mimba, kwao wakamfukuza, akajifungulia kambini, nyumba namba kumi na moja. Mtoto akiwa bado ananyonya, ndugu zake wakaja wakamchukua mama, mtoto wakamwacha. Huyo ndiye Yona.

Na hapo kambini, zamani hizo, mtu mwenye heshima ni yule aliyekuja kwa miguu. Ana kwao. Ana ng'ombe aliowaacha, ana kilima chenye jina. Lakini aliyezaliwa kambini kwa mwanamke asiyeolewa aliitwa mtoto wa kambi, na jina hilo walimtupia Yona tangu utoto hata akaoa. Alikuwa akilisikia anainamisha kichwa. Elizabeti aliyaona hayo akiwa mdogo.

Basi akaandika hivi: "Marehemu alizaliwa Urundi katika ukoo mkubwa wa wafugaji, akaja huku kwa miguu akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, ameshika mkono wa baba yake." Akatia na jina la kilima, jina la kupendeza. Akausoma mbele ya kaburi, watu wakalia. Wazee wawili watatu waliojua ukweli wakanyamaza, kwa kuwa marehemu huongezewa, hapunguzwi. Baadaye Elizabeti akaupeleka ule wasifu kwa katibu wa usharika, akamwomba aupige mhuri, ukae vizuri. Akautia ndani ya nailoni, akauweka katika bahasha pamoja na vyeti vya ubatizo.

"Nilimpa baba kwao," alisema. "Nilijua nimemfanyia wema."

*

Sasa mwaka jana, baada ya mvua za vuli, likaharibika lori pale barabarani. Lilikuwa limebeba machungwa juu, na chini ya machungwa walikutwa vijana wa Kihabeshi kumi na tisa, wamekauka midomo, wengine hawawezi kusimama. Walikuwa wametokea upande wa Kenya wakienda kusini. Watu waliwapa maji. Siku ya pili wakachukuliwa, na wiki haikuisha ukaitishwa mkutano ndani ya banda la korona. Akaja bwana mmoja kutoka wilayani, mtu mpole, na Rama, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akamkaribisha.

Yule bwana akasema mpaka ni mrefu, askari ni wachache, na serikali inataka kila kitongoji kiwe mpaka. Kila mtu amjue jirani yake. Wageni waandikwe, na wale ambao asili yao haijulikani wahakikiwe.

Akanyanyuka Haidar, muuza mikeka, Mdigo, mtu wa maskhara.

"Mheshimiwa, mie shangazi yangu kaolewa Lungalunga, upande wa Kenya. Nikienda kula pilau ya harusi, nikirudi na tonge mfukoni, nimeshakuwa mhamiaji haramu?"

Banda zima likacheka. Yule bwana naye akacheka. "Inategemea tonge lenyewe, mzee wangu. Chukua karatasi ya mpakani, kula, urudi."

"Karatasi ya kulia pilau!" Haidar akakaa.

Shadya muuza machungwa akasema hakuona sababu ya kelele zote hizi. "Wale watoto wanapita tu, hawana haja nanyi. Mna nini hapa cha kuibiwa? Hii kutu?"

"Wanapita leo," akamjibu kijana mmoja nyuma, "kesho wanabaki. Kazi zenyewe hakuna. Mtu unaambiwa lete namba ya kitambulisho, na asiyekuwa mwananchi anayo!"

"Lete jina la aliyenayo!"

"Majina mnayajua! Kambi nzima hii baba zao walikuja kwa namba!"

Hapo pakawa na fujo. Watu wa kambi wakasimama, huyu anasema nimezaliwa hapa, yule anasema kadi ya kura ninayo. Rama anapiga meza, hasikilizwi. Ndipo Elizabeti akanyanyuka. Ni mwanamke mrefu, na alikuwa mzee wa kanisa, watu humsikiliza.

"Jamani, mnaogopa nini?" akasema. "Mimi naunga mkono. Mtu mwenye kwake hufunga mlango, na nchi vilevile. Waandikwe wote. Sisi wa kambi tuanze, tutoe makaratasi yetu, maneno haya yaishe. Mimi nitakuwa wa kwanza."

Tukapiga makofi. Nakumbuka mikono yangu ilivyouma.

"Nilitaka wale vijana waaibike," aliniambia. "Nilikuwa na bahasha kamili, dada. Mhuri ninao. Hata siku moja sikufikiri kwamba mgeni anayesemwa ni mimi."

*

Jumanne ikawekwa meza ya uhakiki, akaja afisa wa uhamiaji. Watu wamejipanga mpaka nje ya banda, Elizabeti mbele kabisa, kavaa kitenge cha Kwaresima, na mwanawe Luka kando yake.

Luka ni mwanawe wa pekee. Fundi wa kuchomea vyuma, miaka thelathini na mitatu, hajaoa. Baba yake alikuwa Mmakonde wa Msumbiji, alirudi kwao Luka akiwa tumboni na habari zake hazijulikani. Kwa hiyo uraia wa Luka ulitegemea wa mama yake, na wa mama yake ulitegemea wa Mzee Yona, kwa kuwa mke wa mzee naye alikuwa mzaliwa wa Msumbiji. Luka alikuwa amepata kazi ya kudumu mjini, bado namba ya kitambulisho tu.

Afisa alikuwa na adabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karatasi zangu hizi hapa. Ubatizo wangu, wa mwanangu, na hii ya marehemu baba."

Ubatizo wa Mzee Yona haukuwa na faida, alibatizwa mtu mzima, umeandikwa jina na mwaka basi. Afisa akaufungua wasifu. Akausoma kimya, halafu akarudia mstari wa kwanza kwa sauti.

"Huu kaandika nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Mhuri?"

"Wa usharika wetu."

"Kwa hiyo mzee alizaliwa Urundi, akaja na miaka kumi na miwili." Akaweka kalamu chini. "Mama, nisikilize vizuri. Aliyezaliwa hapa, na mzazi wake mmoja naye akawa kazaliwa hapa, alikuwa mwananchi tangu siku ya uhuru, na watoto wake wamefuata. Aliyezaliwa nje alitakiwa aombe. Mzee aliwahi kuomba?"

Elizabeti akaitazama bahasha yake.

"Ninachouliza ni hiki. Haya yaliyoandikwa hapa ni kweli?"

Aliponifikisha hapo akaanza kuzikunja ncha za jamvi langu. Akasema alipoulizwa aligeuka nyuma. Aliwaona wote. Wale vijana wa kelele. Wazee wa kambi walioinua leso pale kaburini. Mwanamke mmoja ambaye zamani alikuwa akimwita baba yake mtoto wa kambi, sasa mkongwe, kajiegemeza ukutani anasikiliza. Angesema nini mbele ya watu wale? Kwamba bibi yake hakuolewa? Kwamba alisimama kaburini na mchungaji kando yake akasoma uongo?

"Luka alinikanyaga mguu," alisema. "Ananikanyaga niseme. Yeye ukweli anaujua, babu yake alimhadithia."

Elizabeti akamjibu afisa, "Kweli tupu."

Afisa akaandika, Elizabeti akatia saini.

*

Luka alichukuliwa wiki ya tatu, yuko kazini kwa tajiri wake, miwani ya kuchomea bado usoni. Elizabeti yeye alipewa karatasi ya kuripoti kila mwezi kwa sababu ya umri. Mchana ule ule akapanda gari kwenda ofisini mjini, akamtafuta yule afisa, akapiga magoti sakafuni, akasema yote: Saleha, ndizi, nyumba namba kumi na moja.

Yule afisa akamwinua akampa kiti. "Mama, kaburini ulisema hivi. Mbele yangu ukasema hivi, nikakuuliza mara mbili, na watu mia wamesikia. Leo kijana yuko ndani ndio unasema vile. Ungekuwa wewe hapa ungeamini lipi?"

"La leo."

"Mimi naweza nikaamini. Lakini faili haliniamini. Niletee mtu mmoja wa upande wa huyo Saleha, atie saini kwamba ni damu yao. Mmoja tu. Nakupa siku kumi."

Kwanza alikwenda kwa Rama. Rama kamkaribisha chai, halafu akasema, "Mama Luka, mimi nilisikia uliyoyasoma wewe. Nikiandika kingine wataniuliza, na mimi nimeusimamia mkutano ule kwa mdomo wangu." Akawaendea wale wazee wa kambi waliojua. Wakamwambia, pole mwanangu, na sisi makaratasi yetu yako pale mezani, tusijichokoze.

Siku ya sita akapanda njia ya Amani. Akateremka gari linapoishia, akatembea saa mbili kwenye utelezi akiuliza nyumba ya Mzee Sele, mtoto wa kaka yake Saleha. Akamkuta anaanika iliki kwenye bati.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi mtoto wa Yona. Yona wa shangazi yako Saleha."

Mzee akaendelea kutandaza iliki kwa kiganja. Halafu akamwita ndani, akafunga mlango, akampa kiti. Hakukana. Alimtazama usoni akasema, "Una paji la uso la marehemu shangazi." Elizabeti akadhani Mungu kamsikia.

Akamweleza shida yake. Sele akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, shangazi alirudi hapa akaozwa, akazaa, akafa mke wa mtu. Hao wanawe hawajui kama alikuwa na mtoto kambini. Na mtoto mwenyewe kwa Mrundi, kafiri wakati ule. Leo nikitia saini serikalini, ninamwambia nani? Ninamfukua mama yao."

"Mjomba, mwanangu yuko ndani."

"Nakusikia. Na lingine nitakwambia, usinione mbaya. Hili shamba ni la babu, lina fungu la shangazi. Nikisema wewe ni damu, na karatasi ikawapo, watoto wangu wataniuliza huyo Luka atakuja lini kupima. Nimeshawazika wawili kwa kugombania mipaka ya hiki kishamba."

"Hatutaki shamba! Nitaandika kwamba hatutaki!"

"Utaandika," Sele akasema. "Wewe si unajua kuandika."

Akamfungia iliki kwenye jani la mgomba, akamsindikiza mpaka njia kubwa. Walipoagana akamshika kichwa kama mtu anayembariki mwanawe. Saini hakutia.

Ile iliki Elizabeti aliniletea mimi. Niliitia kwenye chai ya Idi, hapo nilikuwa sijui inatoka wapi.

*

Siku kumi zikaisha, zikapita na nyingine. Alhamisi moja tajiri wa Luka akampigia simu kwamba wanaondoshwa asubuhi, kwa basi, kwenda mpaka wa Burundi. Elizabeti akajua basi halina njia isipokuwa kupita Muheza. Akaenda kusimama pale njia panda tangu saa kumi na mbili na nusu, katikati ya wauza machungwa, na mfuko: mashati mawili, chaja ya simu, na Biblia ya Mzee Yona.

Saa nne basi likaja, likasimama dereva anunue maji. Luka alikuwa dirisha la tatu. Askari akamruhusu afungue kioo. Mama mtu akasukuma mfuko ndani, akamshika mkono, akaanza kulia. Luka hakulia. Alikuwa na haraka.

"Mama, acha kwanza. Nisikilize. Kule watu huulizwa kilima. Wenzangu humu wameniambia. Unaulizwa kwenu kilima gani, chifu wenu nani. Mie lugha yenyewe siijui hata salamu. Lile jina uliloandika kwenye wasifu, ni la kweli?"

Elizabeti akamtazama.

"Mama, babu alikutajia, au vipi? Sema upesi!"

"Dada," aliniambia, "jina lile nililitunga. Nilikaa kitandani nikatunga, nikalijaribu mdomoni mpaka likanipendeza. Baba yangu hakujua kilima chochote. Babu yangu alikufa baba akiwa na miaka minane, hakumwambia kitu."

"Nililitunga," akamwambia mwanawe.

Luka akafumba macho. Basi likaanza kuondoka, wauza machungwa wakakimbia kandokando wakidai makopo waliyopitishia machungwa madirishani. Luka akatoa kichwa. "Basi nitalisema hilo hilo," akasema. "Sina lingine."

Hilo ndilo neno la mwisho aliloambiwa na mwanawe uso kwa uso. Siku ya nne akapata simu, namba ngeni. Luka alisema wamevushwa. Upande wa pili wakamuuliza kilima, akataja lile jina. Wakatazamana, wakamwita mzee mmoja, naye hajawahi kulisikia. Wakamwambia wewe si wetu, rudi. Akarudi, na huku wakamwonyesha karatasi yenye saini ya mama yake: umeshatoka, huwezi kuingia. Analala kwenye kibanda cha wabeba mizigo, katikati ya vizuizi viwili. Akasema wapo na wengine, mmoja ana miaka miwili pale. Salio likakata.

Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Tangu hapo simu haijalia. Elizabeti ameandika barua nne, anaandika vizuri, hazijajibiwa. Kanisani uzee wa kanisa ameurudisha. Vijana wa kambi wanapita mbali naye, maana baada yake wale waliokuwa kwenye foleni waliulizwa yale yale aliyoulizwa yeye, na nyumba nne hazina mwanamume.

Nilimuuliza kama usiku analala. Akasema akifumba macho anaanza kuuandika tena ule wasifu, mstari wa kwanza, anauandika sawasawa: marehemu alizaliwa hapa, nyumba namba kumi na moja, mama yake Saleha. Akifika kwenye nukta anaamka.

Ningesema yatakwisha, naye angejua nasema tu. Nikamtilia chai nyingine, hakuinywa. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, nikamwambia nakwenda kuswali, narudi. Niliporudi alikuwa ameegemea magunia ya mpunga, simu imo kiganjani, uso wake umegeukia mlango. Nikadhani ananitazama. Nikasogea. Alikuwa amelala usingizi.